Buni Katika Ungo wa Samsam

Miaka ile baada ya vita vikuu, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefika mji wa Kisii hakuulizia hoteli. Aliulizia nyumba ya Samsam, mjane wa Kisomali, kwa sababu ya kahawa yake. Samsam aliishi na mwanawe Osman na mkewe Osman, Hawo, katika nyumba ya mabati karibu na msikiti.

Kahawa ya kopo hakuitaka. Alinunua buni mbichi kwa Bonareri, mama wa Kigusii aliyekuwa na mibuni kwenye mteremko kule Suneka. Matunda mekundu Bonareri aliyapeleka kwenye chama cha wakulima. Yale yaliyokaukia mtini aliyaanika, akayatwanga kutoa ganda, akaleta buni mjini siku za soko. Samsam alizimwaga kwenye ungo barazani, akazichambua punje kwa punje: nyeusi akatupa, zilizotobolewa na wadudu akatupa, zile nyeupe na nyepesi kama pumba akatupa. Ndipo alipozikaanga katika chungu kwa samli kidogo, mpaka jirani wa tatu akajua kwamba kwa Samsam kuna kahawa.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu. Hawo alitambua siku aliyofagia baraza akakuta punje nzuri, za kijani, zimetupwa sakafuni, na kwenye ungo zimebaki nyeusi. Jioni ile mgeni mmoja alikunywa funda moja, akasifu, akakiacha kikombe kimejaa.

Hawo hakuweza kusema. Alikuwa ameletwa pale akiwa msichana kutoka Isiolo, hajui mtu, na huyu mama ndiye aliyempokea, akamfundisha hata kuwasha moto wa kuni mbichi za mvua. Basi kila alasiri, mkwewe alipoinuka kwenda kuswali, Hawo aliuvuta ungo akachambua upya, haraka, akaurudisha mahali pake. Kahawa ikawa tamu tena. Wageni wakamsifu Samsam, na Hawo akafurahi kusikia sifa hizo zikienda zilikozoea kwenda.

Alikosea jambo moja. Alimwonyesha Bonareri punje mbaya alizokuwa akizitoa, akamwomba azipunguze huko huko nyumbani. Bonareri alikuwa mtu muungwana. Siku ya soko iliyofuata alimkuta Samsam peke yake barazani, Hawo amekwenda kuteka maji, akaona ni vyema kuomba radhi kwa mwenye nyumba.

"Magokoro," alisema, kama Wagusii wanavyomwita bibi wa heshima, "unisamehe kwa zile nyeusi. Mkaza mwanao alinionyesha. Kila ukimaliza kuchambua, yeye hutoa nyingine kiganja kizima. Hizi nimezichagua vizuri."

Samsam akamshukuru, akamuuliza habari za watoto, akamlipa. Hawo aliporudi na mtungi, ungo ulikuwa umetundikwa ukutani.

Siku ile hakukuwa na kahawa, wala siku iliyofuata. Wageni walipewa chai. Osman alipouliza, mama yake alijibu kwamba hana hamu. Hawo alikaa na dukuduku mpaka alipokutana na Bonareri sokoni na kusikia yaliyosemwa. Akarudi nyumbani moja kwa moja, akaketi sakafuni karibu na kitanda cha mkwewe.

"Mama, nilikuficha."

"Ulinificha au ulinisitiri?"

Hawo akafikiri. "Nilitaka kukusitiri."

"Mtu husitiriwa mbele ya wageni," Samsam akasema. "Mimi mwenyewe ulinisitiri na nini? Najua macho yananiacha. Nilichokuwa sijui ni kwamba nyumba nzima inajua."

"Si nyumba nzima. Ni mimi tu."

Samsam akampapasa Hawo begani kana kwamba anahakikisha ni yeye. Mwishowe alisema anataka kupelekwa Suneka, akazione buni zinakotoka, au walau azishike.

Wakaenda asubuhi, Samsam juu ya punda, Hawo akimwongoza. Bonareri aliona haya kuwapokea, lakini Samsam alimwambia kwamba ukweli aliomletea hauna deni la radhi. Akaomba kila gunia lifunguliwe. Hawo alikuwa amekwisha kuvutiwa na moja: punje zake zilikuwa sawasawa, za kijani kibichi, hazina doa. Samsam alitia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini, akazinusa. Akaweka moja kati ya meno, akauma taratibu.

"Hizi zililowa," alisema. "Punje kavu hulia chini ya jino. Hii imebonyea kama mahindi mabichi. Tena ina harufu ya ghala."

Bonareri alikiri kwamba gunia hilo lilinyeshewa, naye akaanika upya akidhani yamekwisha. Samsam alichagua gunia jingine, la punje zisizolingana, nyingine zenye doa. Hawo akakaa nazo uani, akatoa mbaya kwa macho, waziwazi, huku mkwewe akimuuliza ametoa nini na kwa nini.

Walizikaanga hapo hapo kwenye mafiga ya Bonareri, wakazitwanga na tangawizi. Bonareri alieleza kwamba amebeba matunda ya miti ile mgongoni tangu mumewe alipoipanda, na hajapata kujua ladha yake. Alipoonja alikunja uso, akaomba sukari. Alipomaliza, alisogeza kikombe chake karibu na birika, na Hawo akamjazia.

Waliondoka mchana, buni zimefungwa kwenye mgongo wa punda nyuma ya Samsam. Walipofika njia panda, upepo ukabadilika ukawa wa baridi.

"Hawo," Samsam akauliza, "mawingu yako wapi?"

Hakuwa amewahi kuuliza jambo kama hilo. Hawo akaangalia vizuri kabla ya kujibu.

"Upande wa Nyamira, mama. Meusi, lakini bado mbali."

"Basi mwambie punda aongeze mwendo," akasema Samsam, akavua shuka yake ya mabegani na kuzifunika buni.