Shuka la Pikipiki

Saa kumi na nusu ya Jumanne moja, mama mwenye nyumba akiwa ngazini uani anachambua mchele, na mkwewe dirishani anatia kola kwenye shati la mteja, mlango wa uani ulifunguka akaingia mwanawe wa kwanza, mume wa mkwe huyo, aliyekuwa amezikwa wiki sita zilizopita. Alivaa ovaroli lake la buluu lenye kiraka gotini. Alisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mabati, akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma, kisha akauliza shuka liko wapi.

"Kabatini, rafu ya chini," mama yake alisema. "Na ufute miguu, ndiyo kwanza nimepiga deki."

Akafuta miguu.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya baba yao, chuma cha zamani cha silinda moja, chenye umri mkubwa kuliko watoto wote wawili. Baba hakuamini kumbukumbu ya mtu yeyote, ikiwemo yake mwenyewe. Kwa hiyo alichukua shuka la kitanda cha watu wawili, akalitandika chini, akaweka juu yake kila kipande alichofungua, akakizungushia kalamu ya wino. Tangi lilikuwa na mchoro wake, kabureta mchoro wake, kila nati na kila washa. Ukifungua, unakiweka kitu mahali pake. Kabla hujaanza kufunga unasimama, unatazama, na mchoro ukiwa mtupu unajua kuna kitu kinapungua. Wino ulipofifia baba aliurudishia, na baba alipofariki, mwanawe wa kwanza akaendelea kuurudishia.

Wa pili hakulitaka shuka. Mtaani walimwita Injinia, tangu siku alipoitengeneza kengele ya shule ikalia kutwa nzima bila kunyamaza. Alikuwa na moyo mzuri, hilo lazima lisemwe. Hakuna aliyemletea kazi akarudishwa. "Mashuka ni ya kulalia," alisema. Alifungua pasi ya mama yake, saa ya ukutani, feni, akavifunga, na kila alichokifunga kilimbakizia kitu: skrubu, springi, kipande cha bati kisichojulikana kazi yake. Aliviita vya ziada, akavitia kwenye kopo la kiwi ya viatu alilolihifadhi mfukoni. Pasi iliwaka. Feni nayo ilizunguka, ingawa ilikuwa ikitembea juu ya meza.

Siku tatu kabla ya ajali iliyomuua, kaka yake alibanwa na kazi huko ghalani alikokuwa karani, na tairi la mbele lilikuwa limeishiwa upepo. Injinia akamwambia asijali, akafungua gurudumu, akabadilisha tyubu, akafunga. Ilimchukua nusu saa. Alijisifu mpaka wakati wa kulala.

Asubuhi ya ajali mume na mke walikosana. Lilikuwa jambo dogo, mafuta ya pikipiki kwenye taulo jipya, lakini mke alilisema akiwa na hasira za mwezi mzima: "Si ukalale nayo basi hiyo pikipiki yako!" Mume aliacha chai nusu kikombe, akatoka. Kwenye mteremko wa ghala, gurudumu la mbele lilifika chini kabla yake. Waliomleta nyumbani walisema limechomoka kwa sababu ya kuanguka. Mama mkwe, aliyekuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pazia, alisema mwanawe ameuawa na mdomo wa mkewe. Alisema siku ya mazishi, akasema bombani, akasema dukani, na hakuna siku aliyochoka kusema. Alimpa mkwewe miezi mitatu awe amehama.

Kuhama si kitu. Mtu mwenye cherehani hakosi pa kulala. Kibaya ni kwamba mke mwenyewe aliamini. Kila alipokanyaga pedali alijisikia akisema maneno yale tena, na sauti yake, na lile taulo mkononi. Aliumia, akakonda, akawa anashona kola juu chini na kuzifumua. Alitaka kujua jambo moja tu duniani: kama ni yeye.

Basi mumewe akawa anakuja kila siku saa kumi na nusu na kuondoka mwangaza unapoanza kupungua. Mama alimwekea mto wa kupigia magoti. Mke aliacha cherehani akawa anamshikia vitu. Chai hakunywa, habari za nyumbani hakuuliza, lakini kwenye kazi alikuwa yule yule, mtaratibu mpaka anaudhi. Aliunyoosha uma wa mbele uliopinda, akaweka spoku mpya moja moja. Kisha akatafuta ugonjwa wa injini kwa mpangilio aliofundishwa na baba yake: kwanza cheche, halafu mafuta, halafu hewa. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akapiga kiki, akatazama cheche kama ni ya buluu au ya manjano. Alizibua tundu za kabureta kwa unyasi wa ufagio. Majirani waliopita walimpa pole ya kazi, naye akawaitikia.

Wiki ya tatu kila kitu kilikuwa safi, kimepangwa juu ya shuka. Akasimama, akatazama.

"Kuna kitu kinapungua," alisema.

Chini kabisa, pembeni, karibu na mchoro wa ekseli ya mbele, palikuwa na mchoro mdogo mtupu, mfano wa kibanio cha nywele. Palikuwa pa kotapini, kile kipini cha miguu miwili kinachopita kwenye tundu la ekseli na kukunjwa, ili nati isijifungue yenyewe njiani. Aliifunga pikipiki yote bila hicho. Kesho yake akaja, akaifungua yote upya, akaipanga, akatazama. "Kuna kitu kinapungua." Na keshokutwa vile vile.

Watu wote wa nyumba ile waliujua mchoro ule, na kopo la kiwi walilijua. Ndiyo maana hakuna aliyelitaja. Injinia alianza kurudi nyumbani kwa kuchelewa. Siku moja alikuja na pakiti ya kotapini mpya, kumi na mbili, akaiweka kwenye shuka bila kumtazama kaka yake usoni. Kaka yake aliziweka moja moja juu ya mchoro, akazirudisha zote kwenye pakiti, akasema asante.

Siku hiyo mke alipiga moyo konde. Alipiga magoti upande wa pili wa shuka, akasema kwa sauti ndogo, "Nikuulize. Ni yale maneno yangu?"

Mumewe alikuwa anafuta nati kwa kitambaa. Aliinua nati ile, akaichungulia tundu kama anayetafuta jibu humo.

"Maneno hayafungui nati," alisema. "Nipe kumi na saba."

Mke akampa spana namba kumi na saba. Halafu akasimama, akaenda hadi kwa shemeji yake aliyekuwa ameegemea ukuta, akanyoosha mkono.

"Shemeji, kopo."

"Kopo gani?"

"Shemeji."

Injinia aliushika mfuko wake. Alimtazama mama yake, mama akatazama mchele. Akalitoa kopo mfukoni. Mke alilimimina juu ya shuka, zikamwagika skrubu za pasi na springi za saa, na katikati yake kotapini moja iliyoshika kutu mguu mmoja. Aliilaza kwenye mchoro. Ilienea kuanzia kichwa mpaka ncha, wala wino haukuonekana.

"Nilidhani ni ya ziada," Injinia alisema.

"Haina ya ziada hii," kaka yake alimjibu, bila ukali, kama anavyosema mtu anayesahihisha hesabu. Akaanza kufunga.

Mke alilia pale pale, mbele ya watu, na hakuona haya. Kifua kilimfunguka, akavuta hewa ya miezi miwili. Halafu akamgeukia mama mkwe na kungoja. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka tu kusikia kweli ikisemwa kwa ile sauti iliyosema ni mdomo wake.

Mama aliweka ungo chini. "Nimezaa wawili," alisema. "Mmoja nimemzika. Wewe unataka nimzike na huyu?" Akaingia ndani kuangalia sufuria.

Kotapini ilipita kwenye tundu, miguu ikakunjwa kwa koleo, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kiki ya kwanza, pikipiki ikawaka, ikatulia kwenye mngurumo wake wa zamani ambao nyumba nzima ilikuwa imeusahau. Mume aliisikiliza kwa muda, kichwa upande, akaizima. Alifuta mikono. Alilikunja shuka mara nne, akampa mkewe.

"Kesho utakuja?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Imekwisha, mama."

Kesho yake saa kumi na nusu mto ulikuwa chini mahali pake na mlango wa uani haukufunguka. Siku ya pili haukufunguka. Siku ya tatu mama aliulaza mto ule mapajani, akaukumbatia. Mke naye alikuwa dirishani, na kazi haikwenda. Kitu kimoja alichokitaka duniani alikuwa amekipata, na hakikumtosha hata wiki.

Siku ya nne mama mkwe alichukua koleo. Alichuchumaa kwa shida mbele ya pikipiki, akanyoosha miguu ya kotapini, akaivuta. Alipoinuka alimkuta mkwewe amesimama nyuma yake.

"Ukisema ni kotapini, watu watauliza iko wapi na ilikuwa kwa nani," mama alisema. "Watamfunga mwanangu, na hii wataichukua wakaiweke kwenye bahasha huko polisi, na pikipiki nayo wataibeba. Kaka yake hataonekana tena." Aliifunga kotapini kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno. "Ukinyamaza, utakaa. Chumba ni chako. Na yeye atakuja."

"Na watu wakiniuliza?"

"Wameshajua, mwanangu. Hawana haja ya kuuliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu tangu msiba.

Saa kumi na nusu mlango ulifunguka. Alifuta miguu, akatandika shuka, akafungua pikipiki yote tangu tangi mpaka washa, akasimama, akatazama. "Kuna kitu kinapungua," alisema. Mama yake akamsogezea mto.

Hivyo ndivyo walivyokaa. Miezi mitatu ilipita na hakuna aliyehama. Mke alinenepa kidogo. Kola zake zilinyooka. Usiku alilala, na akiota, aliota nati.

Ijumaa moja muuza mkate alileta baiskeli yake, breki ya nyuma haishiki. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wanne, anayeteremka mteremko wa ghala kila siku na kreti la mikate nyuma. Injinia akamwambia asijali. Aliigeuza baiskeli magurudumu juu, uani, kwenye udongo mtupu, akaanza kufungua huku anapiga mluzi. Muuza mkate akaja kuegemea dirisha la cherehani kungoja.

Walizungumza habari za vitambaa, na za unga kupanda bei. Kisha yule mtu akashusha sauti.

"Dada, nisamehe. Mimi napita pale kila siku, na kila siku najiuliza. Ile siku hasa ilikuwaje?"

Alikuwa ameuliza vizuri, hakuwa mmbea. Mke aliinua macho kutoka kwenye sindano. Ng'ambo ya uwanja mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua mchele, na vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la kanga. Saa ya ukutani, iliyokuwa ikichelewa tangu Injinia aifungue, ilionyesha saa kumi na dakika kumi. Saa ya kweli ilikuwa kumi na dakika ishirini.

"Tulikosana asubuhi," alisema. "Nilimtolea maneno mabaya. Alitoka na hasira."

"Pole," muuza mkate alisema. Alikuwa na huruma ya kweli. "Mdomo, dada. Wote tunakosea."

Huko uani mluzi ulikoma. Kifuniko cha kopo la kiwi kilisikika kikifunguka, kitu kidogo cha chuma kikagonga bati, kifuniko kikarudi. Mguu wa mke ulisimama juu ya pedali. Hakuna mtu mwingine aliyegeuza kichwa.

"Tayari!" Injinia aliita. "Mpya kabisa, kaka. Ijaribu."

Muuza mkate aliijaribu kuizunguka nyumba mara moja, akabana breki, ikashika. Alifurahi. Alifunga kreti lake nyuma, akapiga kengele mara mbili kushukuru, akashika njia ya mteremkoni. Mke alimfuata kwa macho mpaka kona. Mdomo wake ulikuwa wazi, kama wa mtu anayetaka kumwita mtu na hajui jina lake.

Mlango wa uani ulifunguka. Mumewe alifuta miguu, akasalimia, akatandika shuka. Alipita pale ilipokuwa baiskeli, akainama, akautazama udongo, akauokota unyasi mmoja, akautupa. Kisha akapiga magoti kwenye mto wake.

"Nipe kumi na saba," alisema.

Mke aliacha cherehani, akaenda kumpa.