Betri Nne Ndani ya Kisima

Kitendawili.

Sema tega, usiniache nikadhani nazungumza na ukuta. Haya: nyumba yangu haina paa, ina mbingu mbili, moja juu na moja chini, na katikati yake usiku hautoki hata saa sita ya mchana.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Mombasa siitaki, nimeshapewa na kila mtu. Nipe Vanga. Nilikwenda Vanga, nikala samaki wa Vanga, watu wa Vanga wakanipokea kwa mikono miwili, na jibu lako ni hili: kisima. Mbingu ya juu ni hii yetu sote, na ya chini ni ile iliyolala ndani ya maji. Hapo katikati ndipo Matano wa Mtongwe alipokuwa akitafutia riziki, kazi yake kusafisha visima vya watu. Na ndipo alipokuwa asubuhi ile ya Alhamisi, wakati mkewe Mwanarehema amesimama mbele ya kibanda cha Ruth, huku Likoni stendi, amekuja kuchukua betri mbili zilizobaki.

Ruth alikuwa mwanamke wa Kigiriama, fundi wa simu, mwembamba, mwepesi wa maneno. Jana yake Mwanarehema alimwendea akitaka betri nne. Tochi ya Matano haikuwa tochi ya kwendea chooni. Ilikuwa ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, na ndani yake mnakaa betri nne za kuchaji, zimefuatana mstari mmoja, kila moja nene kama kidole gumba cha mwanamume. Ukiimulika kisimani, ufa wa jiwe pima kumi chini unauona kama uko kiganjani mwako. Lakini betri zake zilikuwa zimechoka. Mbili zimekufa kabisa, na mbili zinatoa mwanga kama wa mshumaa.

"Nipe hizi nyekundu," Mwanarehema alisema siku hiyo, akionyesha betri zilizopangwa kwenye kioo. "Zimeandikwa nguvu elfu tisa na mia tisa. Hizi zako nyingine elfu tatu tu."

Ruth alicheka. "Mama Samiha, kuandika ni wino. Hakuna betri ya umbo hili iliyofika hata nusu ya hapo. Ngoja nikuonyeshe." Akatoa kimizani kidogo cha kupimia dhahabu, akaweka ile nyekundu, kisha akaweka ya elfu tatu. Ile nyekundu ilikuwa nyepesi, karibu nusu ya mwenzake. "Ukiipasua ndani utakuta kibetri kidogo na unga umejazwa pembeni. Wauzaji wananiletea, nawauzia watoto wa kuchezea vigari. Mtu wa kisimani simuuzii."

"Basi mbona umeziweka mbele?"

"Kwa sababu watu wanapenda kusoma."

Betri nzito alikuwa nazo mbili tu. Nyingine mbili, za kampuni ile ile na toleo lile lile, zingevuka feri kesho yake asubuhi. Akamwambia Mwanarehema aziweke hizo mbili kando mpaka wenzao wafike. Mwanarehema akasema inshallah, na wewe waijua inshallah ya mtu aliyeshika mkoba anataka kuondoka.

Maana kule nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kisima cha Bi Jalila kilikuwa kimeanza kunuka, na nyumba yake ina watu kumi na watano na mfereji mkavu. Matano alikwisha kutoa ahadi ya Alhamisi, na ahadi ya Matano haivunjiki kwa sababu ya tochi. Mwaka juzi tochi ilimzimikia akateremka na simu ameing'ata kwa meno. Simu ikaanguka majini, naye akateleza, akavunjika mbavu mbili. Miezi miwili Mwanarehema alimkanda kwa mafuta ya nazi, na kila alipomkanda alisikia vile mtu anavyoshusha pumzi kidogo kidogo, kama anaikopa. Hakutaka kusikia pumzi hiyo tena.

Basi akafanya alivyomwona mama yake akifanya, na alivyofanya yeye mwenyewe miaka yote ya redio ya mawe, zile betri zisizochajiwa. Mawe mapya mawili, ya zamani mawili, mapya yawabebe wazee. Zile betri mbili zilizobakiwa na roho akazianika juu ya bati la jiko zipate jua, kama tulivyokuwa tukianika mawe ya redio yakazinduka na kusoma habari ya saa moja. Jioni akazitia kwenye chaja zote nne. Za zamani zikawasha taa ya kijani hata maharagwe hayajaiva. Mpya ziliendelea kunywa umeme mpaka anakwenda kulala. Akafurahi. Akasema, wazee wameshiba.

Asubuhi Matano alijifunga tochi kifuani kwa kipande cha leso, kioo kikitazama chini, kama kawaida yake. Akaipima uzito kwa mkono. Akasema, bila kumtazama mkewe, "Mama Samiha, zote nne ni za Ruth?"

"Chai inapoa," alisema Mwanarehema.

Naye akanywa chai, akatoka.

Sasa Ruth alimkabidhi zile mbili zilizovuka feri. "Haya, umepata pacha wanne. Zile za jana umeziweka wapi?"

"Ziko ndani ya tochi."

"Peke yake? Tochi yako haiwaki na mbili."

"Nimezitilia na wazee wawili. Niliwaanika kidogo, wakapata nguvu. Tena walishiba haraka kuliko hizi zako."

Ruth aliweka bisibisi chini. "Walishiba haraka kwa sababu tumbo limesinyaa, mama. Na hizi si mawe ya redio. Hizi haziendi juani." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Watu wanne wamebeba jeneza. Mmoja goti linamlegea. Wale wenye nguvu hawamwoni, wao wanasonga tu. Huyo dhaifu hapati nafasi ya kusimama, ataburutwa mpaka avunjike. Betri ikivunjika hivyo inachemka. Inatoa moshi mbaya, na pengine moto."

"Hukupata mfano mwingine ila jeneza?"

"Samahani. Tochi iko wapi?"

"Iko kifuani mwa baba Samiha," alisema Mwanarehema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka kibanda cha jirani. "Kisimani kwa Bi Jalila."

Simu ya Matano ilikuwa nyumbani juu ya kabati, tangu kisa cha mwaka juzi hashuki nayo. Ruth akapiga ya Chengo, mshika kamba wake. Ikalia, ikalia, ikakatika. Mwanarehema alijua itakuwa hivyo. Mtu akiwa chini, mshika kamba hashiki kitu kingine, hata nzi akimtua puani.

"Nenda," Ruth alisema. "Akitoka asiifungue kutazama ndani. Muitupe mbali, kwenye mchanga, na mkae upande upepo unakotokea."

Alipanda bodaboda. Njia nzima hakumsikia mwendeshaji alichokuwa akisema kuhusu barabara. Alikuwa akihesabu kichwani. Saa mbili anafunga kamba. Saa mbili na robo amefika chini. Ndoo ya kwanza ya tope, ya pili, ya tatu. Na ile tochi haizimwi hata mara moja. Akakumbuka kwamba alfajiri, alipokuwa akizitia betri, mmoja wa wale wazee alikuwa na joto, kama yai linalotoka chini ya kuku. Aliliona. Akasema moyoni ni joto la chaja.

Kwa Bi Jalila mlango ulikuwa wazi. Bi Jalila mwenyewe, mwanamke wa miaka themanini, alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Waambaje?"

"Salama. Bi, nakwenda kisimani..."

"Na Samiha hajambo huko Miritini alikoolewa?"

"Hajambo."

"Na yule mtoto wake, alikuwa na kikohozi."

"Amepona, alhamdulillahi."

"Na wewe mguu wako?"

Ukikatiza salamu ya mtu mzima, utaisikia mtaani mwaka mzima. Mwanarehema alijibu mguu, akajibu mama mkwe, akajibu na mbuzi, huku vidole vyake vinakunja na kukunjua pembe ya buibui. Kisha akasema, "Bi Jalila, niwie radhi," akampita bila ruhusa.

Chengo alikuwa amekita miguu ukingoni mwa kisima, kamba imemzunguka kiunoni, macho yako shimoni. Alikuwa mtu mzima, mzito, mwenye mzaha siku zote, ila si wakati wa kamba.

"Mtoe," alisema Mwanarehema.

"Shemeji, umeleta chakula mapema."

"Mtoe, Chengo. Tochi ina hitilafu."

"Mbona inawaka vizuri? Chungulia."

Akachungulia. Kule chini, mbali kama sarafu iliyoanguka, mwanga ulikuwa mweupe, na kivuli cha Matano kinainama na kuinuka. Alitaka kuita. Mdomo ukafunguka wenyewe. Chengo akamkata kwa jicho, maana jina la mtu haliitwi ndani ya kisima akiwa yuko humo. Wazee husema jina likiingia kabla ya mwenyewe kutoka, kisima hulishika. Nawe hata usipoamini hayo, sauti ikigonga mawe huvurugika, mtu anaweza kushtuka akaachia alichoshikilia. Ndiyo maana wao huzungumza kwa kamba. Mvuto mmoja ni ngoja. Miwili ni vuta ndoo. Mitatu ni nitoe, au toka.

"Mpe mitatu," alisema.

"Nikimpa mitatu bila sababu atatoka anitukane."

"Nitatukanwa mimi."

Chengo akavuta kamba mara tatu. Wakangoja. Kamba ikajibu kwa mvuto mmoja.

"Anasema ngoja," alisema Chengo. "Ana ndoo nusu. Wamjua huyu mtu."

"Mpe tena."

"Shemeji, kuna nini ndani ya tochi hiyo?"

Mwanarehema aliinama zaidi ukingoni. Alikuwa anatazama mwanga. Ule weupe ulikuwa umeingia umanjano, kama maziwa yaliyotiwa chai. Chengo naye akauona, akaacha kuuliza. Akavuta tena mara tatu, kwa nguvu.

Kamba haikujibu.

Halafu mwanga ukazimika. Sarafu ikapotea, ukabaki weusi mtupu, na katika weusi ule ikasikika sauti ya kitu kinachogonga jiwe, kisha kikohozi. Kikohozi kimoja. Mwanarehema alishika ukingo wa kisima kwa mikono yote miwili, na maneno yaliyomjia hayakuwa dua aliyofundishwa, yalikuwa "mimi, mimi, mimi" basi.

Kamba ikavuta. Moja. Mbili. Kimya kirefu kuliko mwezi wa Ramadhani. Tatu.

Wakavuta wote wawili, Chengo mbele, Mwanarehema nyuma yake amekanyaga buibui lake mwenyewe, na Bi Jalila, aliyekuja na ungo wa mchicha mkononi, akauweka chini akashika ncha ya kamba kama kwamba nguvu zake zina hesabu. Kichwa cha Matano kilitokea, kimejaa tope. Kifua kilikuwa wazi. Tochi haikuwa kifuani. Ilikuwa inaning'inia chini ya miguu yake, mwisho wa kile kipande cha leso, na inatoa moshi mwembamba mweupe.

"Usiifungue," alisema Mwanarehema. "Itupe mchangani. Huko, huko upepo unakokwenda."

Matano akapanda ukingoni, akairusha. Ikaanguka karibu na mnazi, ikafanya sauti kama samaki anaingia kwenye mafuta, moshi ukazidi, mfuniko wa nyuma ukaruka. Kuku wa Bi Jalila wakakimbilia jikoni. Wote wanne walisimama wakitazama mpaka ikanyamaza.

Matano akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Katikati ya kifua, palipokuwa na tochi, ngozi ilikuwa nyekundu, ina alama ndefu kama ya pasi. Aliomba maji, akanywa, akakohoa, akanywa tena. Chengo alifungua kamba kiunoni polepole, akajifanya anahesabu mafundo yake. Bi Jalila akaokota ungo wake, akaingia ndani, maana mtu mzima anajua wakati wa kuingia ndani.

Mwanarehema alipiga magoti akamfuta tope usoni kwa ncha ya buibui. Mumewe alimwacha amfute. Pumzi yake ilikuwa ya kawaida, ndefu, ya mtu mwenye mbavu zote. Alimtazama mkewe, macho mekundu kwa moshi, na hakurudia swali lake la asubuhi.

"Mbili," alisema Mwanarehema. "Mbili ndizo za Ruth."