Lakini ya Mwalimu Parminder

Mji wetu wa Jagraon, huku Punjab, una vituo vya Kiingereza vingi kuliko maduka ya dawa, na mimi nafundisha katika kimoja, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya matrekta. Somo langu la Jumanne ni viunganishi vya kupinga: ingawa, lakini, hata hivyo, ilhali. Huu mwaka wa sita nawapigia kelele watoto wa watu kwamba Kiingereza hakitaki "ingawa" na "lakini" vibanane katika sentensi moja. Kipunjabi chetu kinavitaka vyote viwili, basi wanaviweka vyote viwili, na nikivikata wananitazama kana kwamba nimewadhulumu.

Mmoja tu hakuwahi kukosea: Navkiran, binti wa baba yangu mdogo, miaka kumi na tisa. Mtihani wa kwendea Kanada aliufanya mara moja, akaleta alama saba kati ya tisa. Mimi niliyemfundisha nimeufanya mara tatu, na mara zote nikaambulia tano na nusu. Nikiwekewa saa mbele yangu, nahesabu dakika badala ya kuandika. Nilimpongeza, nikamkumbatia, na roho iliniuma hadi chakula kikanishinda. Sitaki kujisafisha hapa: nilimwonea kijicho, kijicho cha kutamani augue.

Kituo kikatundika picha yake na za wenzake waliofaulu kwenye bango pale njia panda, alama imeandikwa kubwa kuliko jina. Mabango hayo husomwa zaidi na akina mama wenye vijana wa kuoa kuliko wanafunzi. Wanatafuta mkwe mwenye alama: wao wagharimie masomo, msichana atangulie Kanada, kijana amfuate akiwa mume. Haikupita wiki, Mama Sukhraj akabisha hodi kwa baba mdogo.

Mama Sukhraj! Miaka miwili nyuma alikuja kuniposea mwanawe, akakaa kwenye kitanda cha kamba uani kwetu, akala vitamu vya mama yangu, akaniita binti yake. Sukhraj mwenyewe aliniomba maji, nikamletea, akasahau kuyanywa. Majibu yangu ya mtihani yalipotoka, wakanyamaza kimya. Sasa walimtaka Navkiran, na yeye, mjinga yule, alikuwa akitabasamu peke yake darasani.

Desturi ni kuulizia nje ya nyumba kabla ya kutoa neno. Mama Sukhraj akapanda ngazi zetu akihema, akaketi kwenye dawati la mbele.

"Mwalimu, yaliyopita yamepita, eti?"

"Yamepita, mama. Chai?"

"Nipe, na sukari usinibanie. Haya, niambie ukweli. Huyu mtoto yukoje? Kwao watamsifu tu, wewe ndiye unayeshinda naye."

"Ni msichana mzuri," nikasema. "Ana akili. Ana adabu. Lakini..."

Nikainua kikombe, nikanywa taratibu.

"Lakini nini?"

"Aa, basi tu, mama. Mimi ni dada yake. Tuyaache."

"Kuna mvulana?"

"Mimi sijasema kitu."

Na kweli sikuwa nimesema kitu. Chai yake hakuimaliza. Alishuka ngazi haraka kuliko alivyozipanda, nami nikaona raha, raha kabisa, mpaka saa ya kufunga.

Siku ya tatu ikaja taarifa kwamba kijana hayuko tayari kuoa. Baba mdogo alishinda shambani, hakutaka kuonana na mtu. Neno la namna ile likishatembea, hakuna mwingine atakayebisha hodi, na bila wakwe wa kulipa ada Kanada hakuna. Navkiran alikuja darasani macho yamevimba, akabaki wenzake walipotoka.

"Dada, kuna mtu kanisema. Nani ananichukia hivyo?"

"Watu wana midomo. Achana nao."

"Unajua, hata wewe yule mama alikuja kukuulizia kwangu. Mwaka juzi."

"Akauliza nini?"

"Kama utapita ukirudia mtihani. Nikamwambia, Dada anafeli, lakini mkizunguka Punjab nzima hampati mke kama yule. Akanicheka! Akasema hiyo lakini yako haipandi ndege." Akajifuta pua kwa ushungi. "Nilikuwa mdogo, Dada, sikujua kuzungumza na watu wazima. Nisamehe. Pengine mimi ndiye niliyekuharibia."

Nilijitanda ushungi, nikaenda kwa miguu hadi kwa Mama Sukhraj, njia nzima nikiipanga ile sentensi niliyoiacha nusu: lakini hana doa, mama, lakini mwenye doa ni mimi, lakini ulikuwa wivu wangu tu. Nikakuta ua umejaa watu, ngoma inapigwa, Sukhraj amefungwa kilemba cha rangi ya waridi. Walikuwa wamemposa msichana mwingine wa bango lilelile, mwenye sita na nusu.

"Huyu hapa aliyetuokoa!" Mama Sukhraj akapaza sauti mbele ya wote. "Bila mwalimu huyu tungeingiza balaa ndani! Fungua mdomo, mwanangu, fungua!"

Watu wote waligeuka. Nilifungua mdomo niseme. Akanisokomeza donge zima la laddu, kitamu cha sherehe, kwa mkono wake, kama anavyolishwa mtu wa nyumbani siku ya furaha. Nilitafuna. Lilikuwa tamu, na kila mtu alikuwa akinitazama kwa heshima. Nikameza, nikasema, "Hongera, mama."