Sehemu Isiyo na Herufi

Jumanne saa tatu asubuhi Raheli Mbena alishuka stendi ya Mikumi akiwa na begi lenye bisibisi na diski ya nje. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda chake Magomeni, Kilosa mjini, na alikuwa ameitwa na ofisi ya mradi mmoja wa mashamba ya umwagiliaji. Kompyuta yao ilikuwa imegoma kuhifadhi chochote.

Karani wa ofisi, mama wa makamo aitwaye Upendo, alimpa kiti na kumweleza shida.

"Kila nikiandika barua inaniambia nafasi imejaa. Nimefuta picha, nimefuta nyimbo zote za kwaya. Bado."

Raheli aliwasha mashine akaangalia. Diski ilikuwa moja, imegawanywa sehemu tatu zilizofuatana kama vyumba. Ya kwanza, C, ndiyo iliyobeba mfumo na kazi zote za ofisi, nayo ilikuwa imejaa pomoni. Ya mwisho, D, ilikuwa kubwa mara sita na tupu. Tangu kompyuta inunuliwe hakuna aliyeweka humo hata barua moja. Katikati palikuwa na kisehemu chembamba, kisicho na herufi wala jina.

"Kumbe nafasi ipo," alisema Upendo.

"Ipo tele. Ila C haiwezi kuichukua kwa kuruka. Hiki kidogo kimekaa katikati, lazima kwanza kisogezwe kuelekea mwisho."

Meneja, Bwana Ditram, alikuwa anatoka na funguo za gari mkononi. "Kifute tu, fundi. Cha nini?"

"Sijui kina nini, bosi. Kitu usichokijua hakifutwi."

Ditram akatazama saa. Alisema ana kikao, atarudi saa kumi, na akute barua zimetoka. Akaondoka.

Raheli alinakili mafaili yote kwenye diski yake. Alihakikisha betri ya akiba imejaa chaji, maana umeme ukikatika katikati ya kusogeza, hakibaki kitu. Kisha akaipunguza D na kuamuru kile kisehemu kihamie kulia. Mashine ikaandika kwamba kazi itachukua saa mbili na dakika arobaini, na kwamba waliomo watoke nje kwanza. Akabonyeza kukubali.

Mlango wa stoo ya ofisi ulifunguka, wakatoka watu kumi na wanne. Wengi walikuwa wazee. Walitoka mmoja mmoja, mabega yamejikunja kama ya wasafiri waliobanwa safari nzima. Wakakaa kwenye benchi. Benchi lilipojaa wakakaa sakafuni na kunyoosha miguu. Upendo aliwapa wote shikamoo kwa pamoja, wakaitikia marahaba, naye akaenda kuchemsha chai.

Wa tisa kutoka alikuwa Debora, mama yake Raheli, aliyezikwa kijijini Malolo miaka mitatu iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Raheli alisogeza kiti chake karibu naye, jicho moja likiwa kwenye mstari wa kijani uliokuwa ukitambaa kwenye kioo. Wakazungumza Kisagara, lugha ya nyumbani. Debora alikuwa amelima vitunguu Malolo kwenye mashamba ya kukodi maisha yake yote. Mradi ulipokuja alijiandikisha kupata shamba lake, na kila msimu alijibiwa kwamba nafasi zimejaa, asubiri. Alisubiri miaka saba. Raheli alikuwa akimpigia simu aje wakae wote Magomeni, naye akikataa, akisema jina lake litaitwa asiwepo.

"Humo ndani mnafanya nini?"

"Tunasubiri. Tuliondolewa kwenye orodha lakini hatukufutwa. Mtu wa namna hiyo anawekwa huko."

Upendo aliweka vikombe mezani. Bila kuulizwa, alieleza kwamba mwaka wa kwanza majina kumi na manne yaliondolewa ili waingie ndugu za meneja, na mkono ulioyaondoa ulikuwa wa yeye Upendo mwenyewe. Wote kumi na wanne walikufa wakiwa bado wanangoja barua ya kupewa shamba.

Debora alionja chai. "Sukari imekolea vizuri," alimwambia.

Kisha akamgeukia binti yake. "Jioni unakula na nani?"

"Na redio."

"Redio haikukaribishi."

Raheli aliukagua ule mstari wa kijani. Baadaye kidogo alisema, "Twende nyumbani, mama."

Debora akampa jibu lilelile la kwenye simu.

Saa tisa kasoro mstari ulifika mwisho. Raheli akaipanua C hadi ikawa na nafasi ya kuhifadhia barua za miaka ishirini. Akafungua orodha ya waliopewa mashamba, akaandika chini yake majina kumi na manne, akahifadhi. Mashine ilikubali bila kulalamika.

Ditram alirudi saa kumi kamili. Alipowaona wageni aliwapa shikamoo kwa heshima, akawapita, akaketi mbele ya kompyuta. Alisoma orodha mpaka mwisho.

"Orodha ilishafungwa, fundi. Wewe tulikuita kwa nafasi ya diski."

"Nafasi ipo, bosi. Umeiona."

"Nimeiona."

Akaanza kuyaondoa majina, moja baada ya jingine. Kwa kila jina aligeuka na kumwomba radhi mwenyewe, kwa sababu wengi walimzidi umri. Alipolifikia la Debora, Debora alimwambia, "Haya, baba," akachukua khanga yake.

Walisimama kurudi. Kabla hawajaufikia mlango wa stoo, Raheli alikata gigabaiti arobaini kutoka D akakiongezea kile kisehemu, ili wapate pa kunyoosha miguu. Ditram aliona, akamwacha. D haikuwa na kazi.

"Funga mlango taratibu," Debora alisema. "Kuna mzee ana kifua."

Aliufunga taratibu. Akabaki amekishika kitasa mpaka Upendo alipomkumbusha kwamba basi la mwisho la Kilosa lilikuwa linakaribia kuondoka.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi Raheli huenda Mikumi kuikagua kompyuta ile, ambayo haina tatizo. Mwezi mmoja hukisogeza kile kisehemu kidogo kulia, unaofuata hukirudisha kushoto, na hakuna ofisini anayeuliza kwa nini. Mradi unaendelea kupokea maombi. Mwezi wa Machi walitoka watu kumi na saba. Wale watatu wapya walisimama karibu na mlango, wageni wa mahali, mpaka Debora alipojivuta na kuwaonyesha pa kukaa.