Mlango wa Upande Wangu

Mume wangu ni mtu wa kesho. Ukimwambia bomba linavuja, atakwambia linavuja kidogo. Ukimwambia viatu vimetoboka, atakwambia mvua bado. Kwa hiyo siku nilipomwambia wakati umefika wa kuuza lori letu na kununua jingine, nilijua jibu lake kabla hajameza chai.

"Si linatembea?" akasema.

"Linatembea."

"Asubuhi linawaka?"

"Linawaka."

"Basi tuliuze kwa kosa gani?"

Kazi yetu ni kuhamisha watu. Mtu akipata nyumba nzuri zaidi, au akifukuzwa kwenye ile aliyonayo, anatupigia sisi. Mume wangu, Baba Pacha, anaendesha, wapakiaji wanakaa nyuma na makochi, na mimi nakaa mbele nimepakata vitu vinavyovunjika. Huo ndio utaratibu wetu tangu tuanze. Vioo vya kabati, televisheni, saa za ukutani, picha za harusi zenye fremu, vyote vinasafiri mapajani mwangu. Nimewahi kupakata tangi la samaki likiwa na samaki wake, na mmoja wao alinitazama njia nzima kana kwamba mimi ndiye niliyeamua wahame. Wateja wanaupenda utaratibu huo. Wengine wanaofanya kazi kama yetu wanafunga vioo kwa blanketi, sisi tunavipa mtu.

Lori lenyewe tunaliita Shangazi, kwa sababu sauti yake inafika kabla yake, na akishafika kila mtu anajua. Ana kikohozi chake cha asubuhi, na kwenye mlima ananung'unika lakini anapanda. Kasoro yake ya wazi ilikuwa moja tu, mlango wa upande wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani. Kitasa kilikufa siku nyingi. Kwa hiyo tukifika, Baba Pacha anashuka, anazunguka mbele ya Shangazi bila haraka, anafungua, anapokea kioo, anakiegemeza pazuri, halafu anarudi kunipokea na mimi.

Wanawake wa mitaa tunayopeleka mizigo hawajui habari za kitasa. Wanachoona ni mwanamume wa makamo akimfungulia mke wake mlango wa lori. Mwalimu mmoja tuliyemhamisha alisimama barazani na sufuria mkononi, akaniambia, "Dada, wangu mimi hata friji hanifungulii." Nikacheka nikanyamaza. Sifa za bure mimi huwa sizirudishi.

Sababu zangu za kutaka kuuza zilikuwa za maana. Shangazi alikuwa bado mzima, rangi yake inavumilika, injini haijawahi kufunguliwa, na gari la namna hiyo ndilo mtu analolinunua kwa moyo mweupe. Jirani yetu mwenye duka la chakula cha kuku alikuwa akimtaka, na alishasema kwamba tukiendelea kumzungusha atachukua la mtu mwingine. Lakini sababu kubwa ilikuwa kile kilima cha kuelekea mitaa ya juu. Kila tukikipanda na mzigo, nilikuwa nakumbatia kioo cha mtu kwa mkono mmoja na kushika dashibodi kwa mwingine, huku nikiomba kimoyomoyo. Niliogopa siku moja Shangazi atachoka pale katikati na breki nazo zichoke. Mimi hofu sijui kuificha, nilimwambia.

"Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya ubishi wako."

"Si tutakuwa wote garini?" akasema. "Mjane atatoka wapi?"

Huyo ndiye ninayeishi naye.

Mrithi wa Shangazi nilishamchagua. Kwenye yadi ya magari kulikuwa na lori jeupe lenye boksi la kufunga, na ndani ya boksi kulikuwa na rafu zenye sponji, mikanda ya kufungia, na sehemu maalumu ya vioo. Nilikwenda kulitazama peke yangu, nikarudi nikalisifia mezani mpaka chakula kikapoa.

"Kioo kinaingia pale, kinafungwa mkanda, hakitikisiki," nikamwambia. "Hata ukipita kwenye mashimo."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Baadaye."

Hiyo baadaye yake ilinikaa kooni. Nilimnunia siku nzima, na kununa kwangu kuna kelele, huwa nafunga makabati. Mwisho nikaona potelea mbali, nikampigia jirani aje amkague Shangazi. Baba Pacha nilimwambia mgeni akiwa ameshaingia uani.

Jirani alikuja na fundi. Fundi mwenyewe ni yule yule wetu, anamjua Shangazi kuliko ninavyowajua pacha wangu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Wakafungua boneti, wakasikiliza, wakalala chini, wakainuka. Baba Pacha alisimama pembeni amekunja mikono kama baba ambaye binti yake anaposwa na mtu asiyempenda.

Jirani akasema anataka kuisikia injini akiwa ndani. Akapanda upande wangu, Baba Pacha akawasha, wakazunguka mtaa, wakarudi. Nikaharakisha kwenda mlangoni, maana mimi ni muungwana hata ninapouza.

"Subiri nikufungulie," nikamwambia dirishani. "Huo haufunguki kwa ndani."

Jirani alikuwa ameshavuta kitasa. Mlango ukafunguka laini, bila hata mlio, nusura unigonge paji la uso.

Nikautazama ule mlango. Nikamwambia jirani ashuke, nikapanda mimi, nikaufunga, nikavuta kitasa. Ukafunguka. Nikaufunga tena, nikavuta tena, ukafunguka tena. Kuku wa wateja wa jirani wasingekuwa wanasubiri chakula chao, ningeendelea mpaka jioni.

"Mbona huo niliutengeneza zamani," fundi akasema huku akifuta mikono. "Wakati ule nilipobadilisha taa za mbele. Mzee hakukwambia?"

Wakati wa taa za mbele pacha wetu walikuwa bado wanavaa sare za shule. Sasa mmoja wao ana mtoto. Muda wote huo sikuwahi hata kukijaribu kile kitasa. Mikono yangu ilikuwa imejaa vioo vya watu, na hata siku ambazo haikujaa, nilikuwa nimeshazoea kukaa na kusubiri.

Mzee mwenyewe alikuwa ameshuka na kwenda kukagua tairi la nyuma ambalo hakuna aliyeliulizia.

"Baba Pacha," nikasema.

"Naam."

"Huu mlango unafunguka."

"Unafunguka," akakubali bila kuinua kichwa.

"Na miaka yote hii unazunguka tu, kwenye jua, kwenye tope."

"Ungejua unafunguka, ungekuwa unashuka gari halijasimama. Nakujua. Ungeshuka na kioo cha mtu."

Fundi akacheka, jirani naye akacheka. Mimi pia ningecheka, maana ni kweli huwa natangulia kila mahali, lakini niliona jinsi alivyokuwa akilisugua lile tairi kwa kidole gumba, na tairi lilikuwa safi. Nikashuka, nikaenda kuchuchumaa karibu naye, magoti yakalalamika. Nikamuuliza kwa ile sauti ya chini ninayoitumia mara chache sana kwa nini hasa hataki lori jipya. Nikamwambia habari za kesho na baadaye aziweke kando.

Akaacha kulisugua tairi.

"Lile boksi lako lina rafu za vioo," akasema. "Lina mikanda. Kila kitu kinafungwa nyuma. Sasa wewe utakuja kufanya nini mbele?"

Siku zote hizo nilikuwa nikilisifia lile boksi, rafu moja baada ya nyingine, na kila rafu ilikuwa inanishusha garini. Nilikuwa nahangaika kujitafutia kazi ya kubaki nyumbani, halafu nagomba kwa sababu mume wangu hashangilii. Yeye alikuwa ameliona tangu mwanzo akashindwa kulisema. Mume wangu anaweza kurudisha lori kinyumenyume kwenye uchochoro wa mkokoteni, lakini kusema kwamba atanikosa hawezi. Machozi yalinifika mpaka puani, nikayarudisha.

"Nitakuja kukaa," nikamwambia.

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Na kukwambia umekosea njia."

"Mimi huwa sikosei njia."

"Nitakwambia hivyo hivyo."

Akainuka kwa kushikilia tairi, akamwita jirani. Nilidhani anakwenda kumfukuza.

"Mchukue," akamwambia. "Lakini kile kilima cha juu usimpandishe na mzigo mzito. Mke wangu anakiogopa. Na mimi nakiogopa, ila sikuwahi kumwambia."

Nikamkata jicho. Akarudi kwenye tairi lake.

Siku iliyofuata tulikwenda yadi. Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai na maneno mengi, alituonyesha kamera ya nyuma, kiti cha dereva kinachopanda na kushuka, na kitufe cha kufunga milango yote kwa pamoja. Baba Pacha alimsikiliza kwa adabu, mikono mgongoni. Mwisho muuzaji akauliza kama mzee ana swali.

"Moja," akasema. "Huu mlango wa abiria. Mnaweza kuufanya usifunguke kwa ndani?"

Muuzaji akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaonekana kufikiria kumwita mkubwa wake.

"Mzee, huo ni mzima kabisa. Hauna tatizo."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Nilimwambia muuzaji auache mlango ulivyo, asimsikilize huyu. Akatupatia ufunguo tukalijaribu lile lori, naye akabaki kutusubiri getini. Tukakwenda moja kwa moja kwenye kilima. Lori jeupe likakipanda bila hata kunung'unika, na kwa mara ya kwanza sikushika dashibodi wala sikuomba. Lakini mikono yangu sikujua niiweke wapi. Mapaja yangu hayakuwa na kitu, na wepesi ule ulinikera kuliko uzito wa televisheni yoyote niliyowahi kupakata. Nikatazama dirishani nisionekane.

Baba Pacha aliona. Tukafika juu. Hapo akavua kofia yake, ile iliyopauka ambayo nimeshajaribu kuitupa mara kadhaa, akaniwekea mapajani.

"Nishikie," akasema. "Isije ikavunjika."

Tuliporudi yadi akazima injini. Muuzaji akaja mbio mpaka kwenye dirisha langu, tai imemrukia begani.

"Mama, kitasa hicho hapo. Ukivuta tu, unafunguka."

"Najua," nikamwambia.

Kilikuwa karibu na goti langu, kipya, kinang'aa. Nikaishika ile kofia kwa mikono miwili kama kioo cha kabati, nikakaa, nikamsikiliza mume wangu akishuka upande wake na kuanza kuzunguka.