Kamati ya Mtu Mmoja na Sweta ya Mwenye Jengo

ILANI KWA WOTE. Kamati Kuu ya Nishati na Ustawi wa Jengo inatangaza kuwa leo saa tisa alasiri itafanya ukaguzi rasmi wa joto, ghorofa ya tatu. Mwenye jengo ahudhurie bila kukosa.

Kamati hiyo kuu ilikuwa na mjumbe mmoja, msichana wa miaka kumi na sita, na mhuri wake ulichongwa kwenye kiazi. Huko shule ya bweni wenzake walimwita Waraka, maana hakuna jambo aliloliona dogo mno kuliandikia waraka, iwe foleni ya bafuni au sabuni iliyopotea. Matokeo ya nyaraka zake zote, kwa hesabu ya haki, yalikuwa sifuri.

Likizo hiyo alikuwa akimsaidia shangazi yake, mfasiri wa hati za mahakama. Ofisi ilitazama magharibi, dirisha ukuta mzima, bila kivuli. Kuanzia saa saba jua liliingia humo kama mtu aliyelipa kodi. Kiyoyozi kilinguruma kutwa, na ubaridi wake ukatorokea kwenye nyufa za fremu kwenda kuwaburudisha njiwa.

Shangazi alikuwa na presha, na daktari alishamkanya kukaa kwenye joto. Mara tatu alimwomba mwenye jengo aweke vivuli vya turubai dirishani na kuziba nyufa. Mara tatu alijibiwa, "Umeme mnalipa wenyewe, na mimi joto silisikii."

Hakusema uongo. Ofisi yake ilikuwa chini, upande wa kivuli, na humo alivaa sweta mwaka mzima. Wapangaji walimwita Bwana Sweta. Juu hakupanda, ngazi na magoti yake havikupatana.

"Mkataba unaisha Ijumaa," shangazi alisema asubuhi, akienda mahakamani. "Asipotengeneza, nahama. Miaka kumi na moja wateja wanaujua mlango huu, lakini nitafanyaje? Na wewe usijitie."

"Sijitii, shangazi," alijibu Waraka, kiazi kikiwa mfukoni.

Saa tisa kasorobo akaning'iniza kipimajoto ukutani. Kikasoma thelathini na sita. Mtu mwenye akili zake angeridhika. Waraka alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akamwona mtetezi wa wanyonge, akaamua kwamba mtetezi wa hadhi ile hawezi kutetea kwa thelathini na sita. Akakishikilia kipimajoto juu ya mvuke wa birika la umeme. Alikusudia arobaini tu. Akasikia kikohozi ngazini, akakirudisha ukutani bila kukitazama.

Bwana Sweta aliingia akihema, ilani mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamati iko wapi?"

"Imetoka kidogo. Mimi ni katibu."

Mzee akavaa miwani, akainama. "Nyuzi sitini na moja."

"Hali ni mbaya, mzee."

"Binti, kwa joto hili mimi na wewe tungekuwa tumeshaiva." Akakigusa, kidole kikaloa. Akaligeukia birika, lililokuwa bado linafuka. Kisha akavuta kiti cha shangazi hadi dirishani, akaketi. "Nasubiri kipoe. Nione ukweli wako una nyuzi ngapi."

Wakasubiri. Hamsini. Arobaini na tatu. Waraka alisimama mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya mwalimu mkuu, na uzoefu huo alikuwa nao wa kutosha. Kilipofika arobaini, mzee alifungua kifungo cha kwanza. Kilipofika thelathini na sita, sweta ilikuwa magotini na shati limemganda mgongoni. Akakigonga kipimajoto kwa ukucha.

"Mbona hakishuki tena?"

"Hapo ndipo kilipokuwa tangu mwanzo."

"Sasa si ungeniambia hivyo?"

"Niliona haitoshi, mzee."

Mzee akapitisha kiganja kwenye fremu ya dirisha, akausikia ubaridi unavyotoroka. "Nusu saa tu mimi nimeloa. Kumbe ndiyo maana yule wa ghorofa ya nne alihama bila kunieleza."

"Alikueleza, mzee. Ulimwambia umeme analipa mwenyewe."

Mzee alikuwa akijipangusa shingo kwa sweta shangazi alipoingia, akasimama mlangoni na faili zake.

"Mama, usihame," alisema Bwana Sweta. "Kesho fundi anakuja kupima vivuli na kuziba nyufa. Saini mkataba mpya vikishafungwa, si kabla."

Shangazi aliitazama sweta, akaitazama ilani, akaunusa mhuri. "Kamati hii ni akina nani?"

"Ni mimi," alisema Waraka. "Mwenyekiti ni mimi, katibu mimi, wajumbe mimi. Mhuri ni kiazi. Joto nililipika."

"Na hiki?" Bwana Sweta alikuwa amekigeuza kipimajoto. Juu yake palizungushiwa plasta, na kwenye plasta paliandikwa: Mali ya maabara ya shule.

Shangazi akamsogezea karatasi na kalamu. "Mwandikie mwalimu mkuu. Bila mhuri."

Waraka aliinama. Kwa mara ya kwanza maishani akaandika waraka wa mstari mmoja: Mwalimu, kipimajoto mlichokitafuta wiki nzima, nami nikawasaidia kukitafuta, ninacho mimi.