Mtungi wa Mama Kezia

Wasichana wa shule husema mambo mengi wakiwa wameinamisha vichwa. Labda ni kwa sababu hawauoni uso wako, wanaona vidole vya miguu yao tu. Tangu niolewe nasuka nywele hapa mtaa wa Tena, chini ya ngazi za ploti yetu, kando ya mfereji wa maji. Jumapili wakitoka kanisani wanapanga foleni na vitana mikononi, maana Jumatatu mwalimu wa zamu hupita akikagua matuta ya nywele. Wao wanaongea, mimi nasuka. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Ndiyo sababu habari za wifi yangu nilizipata kabla yeye mwenyewe hajaniambia.

"Huyo wa TP wa Jiografia, woi!" Apondi alisema Jumapili moja, kichwa kikiwa katikati ya magoti yangu. Apondi ana mdomo usiojua kupumzika. "Anaongea na ubao. Tukitoka wote twende kibandani kununua soseji za smoki, hawezi jua."

"Ana sauti ya mtu anaomba jirani chumvi," mwenzake akadakia, na foleni yote ikacheka.

"Mimi humkazia macho makusudi," Apondi akasema. "Anayashusha yake mpaka kwa viatu."

Nilivuta tuta likakaza kuliko ilivyohitajika.

"Aii, anti! Unaning'oa!"

"Pole," nikasema.

Hawakujua kwamba huyo wa TP, mwalimu wa mazoezi, ni Nthambi, dada ya mume wangu, na kwamba analala kwa kochi yetu. Munyao wangu ni dereva wa lori la Malaba, siku nyingi hayupo, kwa hivyo nyumba ni yetu sisi wawili. Nthambi anamaliza chuo. Kabla hawajampa digrii ya ualimu, lazima afundishe muhula mzima katika shule ya upili, na mkaguzi kutoka chuoni awe anakuja kumtazama.

Ualimu ameutaka tangu akiwa mdogo. Munyao husimulia kwamba kule kwao alikuwa anapanga masufuria ya mama yao ukutani na kuyaita majina, na sufuria isiyojibu inasimamishwa nje kwa jua. Lakini sufuria haikukazii macho. Kidato cha pili kinakukazia.

Mkaguzi, Daktari Owuor, alikuwa amekuja mara mbili, akakaa nyuma na kuandika. Mara ya pili alimwita Nthambi kando. "Somo lako unalijua," akamwambia. "Lakini darasa lako sijalisikia. Nikirudi nataka kulisikia. Nisipolisikia, utarudia haya mazoezi mwaka ujao."

Hayo Nthambi aliniambia akikatakata sukuma wiki, macho kwenye kisu.

"Na mimi sirudii, wifi. Kuna duka kubwa hapo Umoja wanatafuta watu wa kupanga bidhaa. Unga hauna macho."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake kama mtoto wa nasari. "Basi nisomeshe mimi."

Akacheka kidogo. Lakini kisu alikiweka chini.

Kuanzia hapo, jioni kabla ya chakula, nikawa darasa lake. Mimi niliishia darasa la nane, na ya mvua nilijua tu kwamba inanyesha. Anasimama kando ya kabati, anaanza kwa Kiingereza, na akiona nimekunja uso anarudia kwa Kiswahili.

"Upepo unatoka baharini umebeba maji, unakutana na Mlima Kenya. Inabidi upande. Ukipanda unapoa, na ukipoa hauwezi kuyabeba tena yale maji yote. Unayamwaga. Ndiyo mvua ya Chuka na Embu. Ukivuka kufika upande wa Nanyuki, umebaki mtupu. Umeelewa?"

Nikakunja uso.

Wakati huohuo tukasikia kishindo nje. Ni Mama Kezia wa orofa ya nne. Maji ya mfereji hayafiki huko juu, kwa hivyo hupanda na mtungi begani, akihema na kulaani landilodi, na kila akipiga kona mtungi unamwagika, chwaa.

Nthambi akanishika mkono. "Wifi, sikiza! Ndio huo upepo unapanda! Anamwaga hapa, anamwaga pale, akifika juu Baba Kezia hapati hata ya chai!"

Tulicheka mpaka nikafuta machozi. Na nikaelewa. Mfano huo ukaingia kwa somo, akawa anaurudia kila jioni, kicheko palepale, swali palepale, mpaka hata mimi ningeweza kuufundisha nikiwa usingizini.

Daktari Owuor akatuma ujumbe kwamba anakuja Jumanne. Jumapili iliyotangulia nikaketi chini ya ngazi kama kawaida.

"Wiki hii tumnyamazie kabisa," Apondi akasema. "Tuone kama atalia."

Sijui nini kilinipata. Niliweka kitana chini.

"Huyo mwalimu anaitwa Nthambi," nikasema. "Ni wifi yangu. Saa hii yuko hapo juu anajifunza kuwafundisha."

Apondi akajaribu kugeuza kichwa, nikakirudisha.

Siku hiyo niliongea maneno ya mwaka mzima. Niliwaambia kuhusu mkaguzi, na kwamba wakinyamaza Nthambi anauacha ualimu. Kisha, kichwa kimoja kikitoka na kingine kikiingia, nikawapa somo lote: atauliza hivi, mjibu hivi. Hata Mama Kezia nikawapa, na mtungi wake.

"Msikae kama mawe," nikasema. "Tafadhali."

"Anti, hiyo tuachie, hata wale hawako hapa tutawaambia," Apondi akasema akijipapasa shingo. Hakuwa anacheka tena.

Jumanne jioni Nthambi aliingia, akavua viatu, akakaa sakafuni akiegemea kochi. Nilimpa chai. Akanitazama juu ya kikombe.

"Wifi, leo nimeandika kichwa cha somo ubaoni, nikageuka, nikakuta mikono yote iko juu. Na sijauliza kitu."

Nikajifanya natafuta sukari.

"Nikamchagua Apondi. Akasimama, akamaliza upepo, mlima, Chuka, Embu na Nanyuki kwa pumzi moja. Nikiuliza swali, hata sijalifikisha katikati, lishajibiwa. Halafu mmoja akasema, 'Ni kama Mama Kezia na mtungi.' Na darasa lote likacheka palepale ninapochekaga mimi! Daktari Owuor akainua kichwa. 'Mama Kezia ni nani?'"

"Uuuwi," nikasema.

"Somo limeisha na chaki bado nzima mkononi. Nikawaambia waandike muhtasari, angalau nifikirie. Wakainama. Ndipo nikaviona vichwa." Akajigusa nyuma ya sikio la kushoto. "Mkono wako hupinda tuta hapa. Kila kichwa, wifi. Kiti kwa kiti. Niliona kama wewe ndiye umekaa hapo, watu arobaini."

Sikuwa na pa kuweka uso. "Nthambi, mimi nilitaka tu..."

"Ngoja nimalize. Kwanza nilitaka kutoroka. Halafu nikacheka. Mbele ya Daktari! Kicheko changu cha nyumbani, kile cha jikoni. Na baada ya kucheka nikaona siwaogopi. Nitawaogopaje, na wametoka magotini kwako? Nikafunga karatasi yangu, nikawaambia, 'Haya, yangu mmemaliza. Nani ana swali ambalo sijajiandaa?'"

"Wakasema?"

"Kimya. Kimya kile changu cha siku zote. Lakini leo nilingoja, sikugeukia ubao. Mwishowe Wacuka, yule hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, akainua kidole. 'Mwalimu, kama upepo unafika Nanyuki mtupu, mbona shosho aliyemzaa mamangu analima viazi hukohuko?'"

Nilisahau aibu. Hata mimi nilitaka kujua. "Mbona?"

"Hilo halikuwa kwa karatasi. Nikamuuliza, shosho maji anayatoa wapi? Akasema mtoni. Na mto unatoka wapi? Apondi akaruka bila kuruhusiwa: 'Kwa mlima! Si Mama Kezia aliyamwaga juu, yakateremka na ngazi za nyuma!' Wifi, darasa lililipuka. Huyu anabisha, yule anauliza mto ukikauka itakuwaje, mpaka mwalimu wa hesabu akagonga ukuta. Daktari Owuor alikuwa ameweka kalamu chini, anasikiliza tu."

"Na akasema nini? Nthambi, mbona unanitesa?"

Alikunywa chai polepole, makusudi kabisa.

"Akasema wimbo wa kukariri haumpi mtu alama, na huo mwanzo atausahau. Akasema baada ya hapo amelisikia darasa." Akanigeukia. "Nimepita, wifi."

Nilimkumbatia na chai yake, ikatumwagikia sote wawili.

Baadaye alijisogeza katikati ya magoti yangu na kunipa kitana. Nywele zake zilikuwa zimechakaa kwa wasiwasi wa muhula mzima. Nikazigawanya.

"Siku nyingine usinifundishie," akasema chini kwa chini.

"Sitafundisha."

Nje Mama Kezia alikuwa anapanda, chwaa, chwaa. Nilisuka kidogo, nikaacha, nikasuka tena. Jioni zote zile nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, sijauliza swali hata moja.

"Mwalimu," nikasema, "huko juu ya mlima si ndiko karibu na jua? Sasa mbona ndiko kuna baridi na theluji?"

Nthambi akageuka mzimamzima, macho yakiwaka, na tuta nililokuwa nimelifikisha sikioni likafumuka lote.

"Wifi! Hilo ni swali!"

Nikalianza upya, yeye akieleza.